Tunaitazama Pasifiki, kumbe mvua zetu zinatoka Bahari ya Hindi

Kila Septemba inapokaribia, swali moja hutawala redioni, magazetini na kwenye vijiwe vya kahawa kuanzia Mtwara hadi Lamu: mwaka huu kuna El Nino au hakuna? Tukiambiwa ipo, hofu inatanda. Tukiambiwa haipo, tunashusha pumzi na kurudi kwenye shughuli zetu. Swali hilo lina maana yake, lakini halitoshi, na kuliegemea peke yake kumeshatugharimu maisha ya watu. El Nino ni jambo la Bahari ya Pasifiki, upande wa pili wa dunia. Bahari inayotupa mvua au kutunyima iko hapa mlangoni petu, na hiyo hatuiulizi habari.

Tazama mwaka 2019. Vuli ya mwaka ule ilianza bila El Nino ya kutajika. Aliyekuwa akisubiri jina hilo litangazwe ndipo ajiandae, alikutwa amekaa. Kuanzia Oktoba mvua ilishuka bila huruma. Mto Shabelle ulivunja kingo zake na kuuzamisha mji wa Beledweyne nchini Somalia. Novemba, maporomoko ya udongo yakaua makumi ya watu Pokot Magharibi nchini Kenya. Unyevu uliobaki ardhini ukawapa nzige wa jangwani mahali pa kutaga na majani ya kula, na mwanzoni mwa 2020 Kenya ikavamiwa na makundi ambayo haikuwahi kuyaona kwa takriban miaka 70. Wakati huohuo, ng'ambo ya bahari hiihii, Australia ilikuwa inaungua kwa moto wa misitu uliochochewa na ukame. Sisi tukizama, wao wakiungua, na mikasa yote miwili ilikuwa na chanzo kimoja: joto la maji ya Bahari ya Hindi lilikuwa limehama upande.

Ili kulielewa hilo, tuanze na tabia ya bahari yenyewe. Maji ni mazito ya kupata joto na mazito ya kulipoteza. Kilo moja ya maji huhitaji nishati zaidi ya mara nne ya ile inayohitajika na kilo moja ya udongo mkavu ili joto lipande nyuzi moja. Ndiyo maana saa nane mchana, ardhi ya Mombasa au Bagamoyo inapochemka, upepo hutoka baharini kuja kutupoza, na alfajiri, ardhi ikishapoa kuliko maji, upepo hugeuka na kuvuma kutoka bara kwenda baharini, nao huitwa umande. Wavuvi wa ngarawa wameutumia mzunguko huo kwa vizazi vingi: umande huwatoa alfajiri, upepo wa mchana huwarudisha. Hiyo pia ni sababu mojawapo ya mtu wa Dar es Salaam kutoijua baridi ya usiku kama anavyoijua mtu wa Dodoma, ingawa miji yote miwili iko karibu kwenye latitudo moja.

Kinachotokea kwa siku kati ya ufuko na maji hutokea pia kwa mwaka kati ya mabara na bahari nzima. Kuanzia Desemba hadi Machi, bara la Asia likiwa limepoa, kaskazi huvuma kuja kwetu. Upepo huo ndio uliowaleta mabaharia wa Oman, Ghuba na Bara Hindi kwenye bandari zetu. Kuanzia Aprili au Mei, Asia ikianza kupata joto, kusi hushika zamu na kuwarudisha makwao. Kati ya pepo hizi mbili, ukanda wa mvua hupita juu yetu mara mbili: masika ukielekea kaskazini, vuli ukirudi kusini. Kusi ikishika kasi, hugeuza hata mikondo ya maji. Mkondo wa Somalia, ambao wakati wa kaskazi huelekea kusini, hubadilika na kukimbia kaskazini, na maji baridi huibuka kutoka vilindini kwenye mwambao wa nchi hiyo. Maji baridi hayatoi mvuke wa kutosha kujenga mawingu mazito. Hiyo ni sababu mojawapo ya pwani kuzidi kuwa kame kadiri unavyotoka Mombasa kwenda Lamu na kuingia Somalia.

Haya wazee wetu waliyajua kwa vitendo. Walikuwa na hesabu ya mwaka wa Nairuzi iliyogawanywa kwa miongo ya siku kumikumi, na kwa hesabu hiyo waling'oa nanga na kupanda mbegu. Ambacho hawakuwa na chombo cha kukipima ni tofauti ya joto kati ya pande mbili za bahari, ya mashariki kule Indonesia na ya magharibi huku kwetu. Tofauti hiyo ilielezwa rasmi mwaka 1999, pale N. H. Saji na wenzake walipochapisha utafiti wao katika jarida la Nature. Wanasayansi wanaiita dipoli ya Bahari ya Hindi.

Maelezo yake si magumu. Katika mwaka wa kawaida, miezi ya Oktoba na Novemba, upepo kwenye mstari wa ikweta huvuma kutoka magharibi na kuyasukuma maji ya juu yenye joto kuelekea Indonesia. Hewa hupanda kule, mvua hunyesha kule, kisha hewa hiyo iliyokwisha kukauka hushuka upande wetu. Lakini ipo miaka ambayo upepo huo hudhoofika au hugeuka. Maji ya joto hurudi magharibi na kujikusanya mbele ya pwani yetu, huku maji baridi yakiibuka karibu na Sumatra na Java. Hapo hewa hupanda kwetu na kushuka kwao. Hiyo ndiyo dipoli chanya, na kwetu maana yake ni vuli ya mafuriko. Mambo yakiwa kinyume, yaani maji ya mashariki yakizidi sana joto la huku, hiyo ni dipoli hasi, na vuli yetu hukauka.

Ukiwa na ufunguo huo, rudi kwenye historia. Mwishoni mwa 1961, Tanganyika ikijiandaa kupandisha bendera yake, mvua ilinyesha Afrika Mashariki kwa kiwango ambacho kizazi kile hakikuwahi kukishuhudia. Wakenya wa umri huo bado huyaita mafuriko ya Uhuru. Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita 2 katika miaka michache iliyofuata. El Nino haikuwepo mwaka ule. Bahari ya Hindi ndiyo iliyokuwa imeelemea upande wetu. Mwaka 1997 vyote viwili, El Nino na dipoli chanya, vilikutana, na mvua ile ndiyo iliyolifanya jina la El Nino liingie kwenye kila nyumba. Barabara zilikatika, na homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu kaskazini mwa Kenya na Tanzania. Tulilishika jina la mgeni, tukamsahau mwenyeji.

Kosa hilo lilituumbua mwaka 2015. El Nino ya mwaka ule ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa kuwahi kupimwa, na watu walijiandaa kwa marudio ya 1997. Mvua zilikuja, lakini si kwa ukali uliohofiwa, kwa sababu Bahari ya Hindi haikuitikia kwa nguvu ileile. Wengi wakahitimisha kwamba watabiri ni waongo. Sivyo. Tulikuwa tumesoma nusu ya barua.

Upande wa ukame nao una somo lake. Mwaka 2022 dipoli ilikuwa hasi kwa nguvu, na Pasifiki nayo ilikuwa kwenye La Nina, kinyume cha El Nino, kwa mwaka wa tatu mfululizo. Kaskazini na mashariki mwa Kenya, Somalia na sehemu za Ethiopia zilikosa mvua misimu mitano mfululizo. Kilifi na Tana River mifugo ilikufa na watu wakaishi kwa msaada wa chakula. Oktoba ya mwaka huo Mto Ruvu ulipungua kiasi cha Dar es Salaam kuingia kwenye mgawo wa maji. Mwaka mmoja tu baadaye, dipoli chanya na El Nino vilikuja pamoja. Kenya ilipoteza watu zaidi ya 150 kwa mafuriko ya vuli ile, na Tanzania, tarehe 3 Desemba 2023, tope lililoporomoka kutoka Mlima Hanang liliua watu zaidi ya 80 Katesh na vijiji vya jirani.

Hoja yangu iko hapa. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mvua za vuli, dalili hutangulia mawingu kwa miezi miwili hadi mitatu, nayo imo kwenye joto la maji. Dipoli huanza kujionyesha kuanzia Juni, hukomaa Septemba hadi Novemba na hufifia kabla ya mwaka mpya kuanza. Masika ni ngumu zaidi kuitabiri, na hakuna mtaalamu mkweli atakayekuahidi vinginevyo. Lakini vuli ni miongoni mwa misimu inayotabirika vizuri zaidi katika Afrika ya kitropiki. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya na ICPAC, kituo cha IGAD kinachohudumia kanda nzima, hutoa mwelekeo wa vuli kabla msimu haujaanza. Agosti 2023 TMA ilitangaza kwamba mvua za juu ya wastani zinakuja. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatukuambiwa. Tunachoweza kuulizwa ni tulifanya nini kati ya tangazo na tone la kwanza.

Mara nyingi jibu ni aibu. Nchini Kenya, Oktoba 2023, Rais William Ruto aliwaambia wananchi kwamba El Nino iliyokuwa ikitajwa haitakuja, na wiki chache baadaye maji yalikuwa yamefika madirishani. Kwetu Tanzania hatukukanusha utabiri, lakini tuna ugonjwa wetu: tunausikiliza, tunafanya kikao, tunatoa tamko la kuwataka wananchi wachukue tahadhari, basi. Mkazi wa bondeni aliyepanga chumba kimoja na watoto wanne anachukuaje tahadhari? Anahamia wapi, kwa nauli ya nani?

Nenda Jangwani uone tahadhari isiyotekelezwa inavyofanana. Mto Msimbazi huteremka kutoka vilima vya Pugu, ukapita Vingunguti na Kigogo, ukafika Jangwani na kumwaga maji yake baharini penye Daraja la Selander. Mlango wake una mikoko iliyobaki michache, na chini ya mikoko hiyo kumejaa mchanga, chupa za plastiki na matambara yaliyoshuka na maji kutoka juu. Sasa mvua kubwa inyeshe Pugu siku ya bamvua. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hapa Dar es Salaam huzidi mita 3. Maji ya mto yanashuka, bahari nayo inapanda kuyapokea. Yanakosa pa kutokea, yanarudi nyuma, yanatanda. Barabara ya Morogoro inafungwa, mabasi ya mwendokasi yanasimama, karakana yao iliyojengwa palepale bondeni inageuka bwawa, na nyumba za Mchikichini na Kigogo zinaingia maji usiku watu wakiwa wamelala. Desemba 2011 mafuriko ya namna hiyo yaliua zaidi ya watu 40 jijini.

Kinachoniuma ni kwamba nusu ya hatari hiyo inajulikana kabla mwaka haujaanza. Jedwali la maji kujaa na kupwa huchapishwa mapema, na mvuvi wa Kunduchi asiye na jedwali hutazama mwezi tu akakwambia bamvua ni lini. Lakini tahadhari ya mvua inayotufikia kwenye simu haitaji bamvua. Ofisi ya mkoa ikiweka karatasi mbili pamoja, ya utabiri wa mvua na ya maji kujaa, itajua ni usiku gani Jangwani haitakuwa na njia ya kutoa maji. Kazi hiyo haihitaji mkopo wa nje. Mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia mwaka 2022, unalipa fidia, unahamisha watu na unalenga kuupanua mto. Ni jambo jema na ninauunga mkono. Lakini mradi wa zege huchukua miaka, na dipoli chanya haingojei mkandarasi amalize.

Wala tusidhani bahari itabaki ilivyokuwa. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalonaswa na gesi joto duniani limemezwa na bahari. Sehemu ya magharibi ya Bahari ya Hindi, yaani upande wetu, iliongezeka joto kwa kiasi cha nyuzi 1.2 za Selsiasi katika majira ya joto ya kaskazini mwa dunia kati ya 1901 na 2012, kasi iliyoipita sehemu nyingi za bahari za kitropiki. Hewa ikiongezeka joto kwa nyuzi moja, uwezo wake wa kubeba mvuke huongezeka kwa karibu asilimia 7, na mvuke huo hushuka kama mvua. Watafiti wanatarajia miaka ya dipoli chanya kali iongezeke kadiri dunia inavyozidi kupata joto.

Wanawake wa Paje na Jambiani hawahitaji kuambiwa habari hizo na mtafiti. Kilimo cha mwani kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wao. Huingia maji yanapokupwa, wakafunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi. Mwani wa cottonii, wenye bei nzuri kuliko spinosum, haustahimili maji ya kina kifupi yaliyoshikwa na jua. Hupauka ukawa mweupe, ukalainika, kisha hukatika na kuchukuliwa na mawimbi kabla haujavunwa. Wengi wameuacha na kubaki na spinosum wa bei ya chini, na anayetaka kuufuata kwenye maji ya kina anahitaji chombo na kujua kuogelea. Joto la bahari limepunguza kipato chao kabla halijaingia kwenye hotuba ya waziri yeyote.

Hata vimbunga, ambavyo tulizoea kuviona ni balaa la Msumbiji na Madagaska, vinatukumbusha kwamba hatuna kinga kamili. Ukaribu wetu na ikweta hutusaidia, maana huku mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuusokota upepo ukawa kimbunga, na Madagaska hutukingia vingi vinavyotoka mashariki. Lakini mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha meli za Sultani Barghash na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Pemba ilinusurika kwa kiasi kikubwa, na toka hapo ikawa ndiyo kitovu cha karafuu. Aprili 1952 kimbunga kilifika Lindi. Na mwanzoni mwa Mei 2024, kimbunga Hidaya kilitua Mafia kikiwa kimepungua nguvu, lakini mvua yake juu ya ardhi iliyokwisha kulowa ilitosha kuikata barabara kuu ya Lindi na Mtwara katika wilaya ya Kilwa. TMA ilitoa tahadhari kwa wakati, na hilo lipongezwe. Madaraja hayakuisikia tahadhari, kwa sababu yalijengwa kwa hesabu za mvua za zamani.

Nini kifanyike? Kwanza, utabiri wa vuli uwe na fedha nyuma yake. Mwaka wa bajeti wa Tanzania na Kenya huanza Julai, na dipoli huanza kuonekana wakati huohuo. Halmashauri za pwani zitengewe fungu linalofunguka lenyewe utabiri ukivuka kiwango fulani: mitaro na makalavati yazibuliwe, dawa za kutibu maji na kipindupindu zifike zahanati, chanjo ya mifugo iwahi. Jambo hili linawezekana. Mwishoni mwa 2006 wanasayansi waliotumia vipimo vya joto la bahari walitoa onyo la homa ya Bonde la Ufa kati ya wiki 2 na 6 kabla ya wagonjwa wa kwanza kuonekana. Elimu ya kuonya ipo. Kinachokosekana ni mkono wa kutenda.

Pili, tupime bahari yetu wenyewe. Mtandao wa kimataifa wa maboya ya kupimia Bahari ya Hindi, RAMA, ulicheleweshwa upande wetu wa magharibi kwa sehemu na uharamia wa Somalia. Nchi zetu zina vyuo vya sayansi za bahari, zina meli na zina vijana wenye shahada. Si haki habari za maji yaliyo mbele ya Mafia tuzisubiri kutoka mbali.

Tatu, tulinde mikoko na mabonde. Mkoko hupunguza nguvu ya wimbi na hushika udongo. Bonde ni mali ya mto, hata kama mto umelala miaka mitano. Kibali cha kujenga bondeni ni kibali cha msiba, na anayekisaini aulizwe.

Nne, shule zifundishe. Mtoto wa darasa la saba wa Pangani au Malindi anajua kukariri pepo za misimu. Aongezewe dipoli, aelezwe kwa nini mwaka mmoja kisima chao hukauka na mwaka unaofuata choo chao hufurika. Waandishi wenzangu nasi tubadilike. Kuandika "El Nino yaja" ni rahisi na kunauza gazeti, lakini msomaji wa pwani anastahili kuambiwa hali ya bahari anayoiona kila siku.

Utabiri si kiapo, na ipo miaka tutajiandaa na mvua ikapita salama. Mitaro iliyozibuliwa mwaka huo haijapotea bure, kwa kuwa itapunguza mbu na kipindupindu hata bila mafuriko. Hasara isiyolipika ni ile ya kuambiwa Agosti na kuanza kuzika Novemba. Basi wakuu wa mikoa ya Tanga, Pwani, Dar es Salaam, Lindi na Mtwara, magavana wa kaunti za pwani ya Kenya na wenzao wa Zanzibar, fedha zitengwe Julai, mitaro izibuliwe Septemba, na watu wa mabondeni wawe wamepewa pa kwenda kabla Oktoba haijaisha.